Safu ya Ushauri: Mbona pH ya Tangi Langu Haitulii?

Barua ya msomaji

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi. Ninafuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo la lita 120, na ndani yake wamo moli, gapi na kambare wadogo wanaookota chakula chini. Tangi hili limekaa zaidi ya mwaka likiwa na chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, changarawe za kawaida na kipande kimoja cha gogo. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikibadilisha maji mara kwa mara, lakini kwa kuwa maji yaling'aa na samaki walikuwa wakizaana vizuri, niliona hakuna haja ya kuwasumbua, nikawa ninajazia tu yale yaliyopungua kwa kukauka.

Hivi karibuni moli walianza kubana mapezi na kujitikisa mahali pamoja bila kwenda mbele. Nilipopima nilikuta pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambacho hushuka asidi inapozidi, imeshuka hadi 6.0, ilhali maji yangu ya bomba yana pH ya 7.6. Muuzaji aliniuzia chupa ya dawa ya kupandisha pH. Nikiitia jioni, pH hupanda hadi karibu 7.5, kisha baada ya siku moja au mbili huwa imerudi ilikokuwa. Nimeongeza kipimo cha dawa bila mafanikio. Mwishowe niliamua kutoa zaidi ya nusu ya maji na kujaza mapya niliyoyatia dawa ya kuondoa klorini. Kabla ya usiku kuingia samaki walikuwa juu wakitweta, matamvua yamewaiva kwa wekundu, na kulipokucha kadhaa walikuwa wamekufa.

Vipimo vya sasa ni hivi: pH 6.2, amonia miligramu 2 kwa lita, nitriti sifuri, nitrati zaidi ya miligramu 100 kwa lita, ugumu wa jumla, yaani GH, digrii 20, na KH, yaani ugumu wa kaboneti, digrii 1. Muuzaji anasema maji magumu kama yangu hayawezi kushuka pH, kwa hiyo huenda vifaa vyangu vya kupimia ni vibovu. Naomba unieleze ni dawa ipi itakayoishikilia pH, na kama ninaweza kununua samaki wengine mahali pa wale waliokufa.

Ni mimi,
Mfugaji mwenye mashaka

Jibu

Ndugu Mfugaji,

Pole sana kwa samaki uliowapoteza. Umefanya jambo la maana kuandika vipimo vyote badala ya pH peke yake, kwa sababu bila vipimo hivyo ningebaki kubahatisha. Vifaa vyako havina kasoro. Namba zako zinaafikiana kabisa, na iliyo muhimu kuliko zote ni ile uliyoiandika mwisho, KH digrii 1.

KH ni kipimo cha bikaboneti na kaboneti zilizomo ndani ya maji. Kila asidi inapoingia katika tangi, bikaboneti huipokea na kuigeuza kuwa hewa ukaa na maji, na hewa ukaa hiyo hutoka kupitia uso wa maji. Maadamu bikaboneti zipo za kutosha, pH hutikisika kidogo tu. Zikiisha, asidi ile ile ambayo jana haikuonekana katika kipimo chochote leo huiporomosha pH. KH ni akiba, na akiba yako imeliwa yote. Ndiyo maana siwezi kukutajia dawa ya kuishikilia pH: kitu kinachoishikilia ni hicho kilichokwisha, na mahali pake hapachukuliwi na kingine.

Muuzaji wako amechanganya mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, kwa kuwa yote huitwa ugumu na yote hupimwa kwa digrii. GH hupima kalsiamu na magnesi, na madini hayo hayapambani na asidi hata kidogo. KH ndiyo inayopambana nayo. Katika maji mengi ya kisima au ya bomba namba hizi mbili hukaribiana, kwa kuwa zote hutokana na mwamba wa chokaa ulioyeyuka, na hapo ndipo watu huamini kwamba ni kitu kimoja. Katika tangi lako zimeachana. Maji yanapokauka, kinachopanda angani ni maji matupu, na kalsiamu na magnesi hubaki. Kila ulipojazia maji ya bomba uliongeza madini juu ya yale yaliyobaki, hata GH ikafika 20. Bikaboneti nazo ziliingia kwa njia hiyo hiyo, lakini zililiwa na asidi kila siku. Maji yako ni magumu kweli, na hayana kinga kabisa.

Asidi hiyo hutoka kwa samaki wenyewe, ingawa si moja kwa moja. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki pamoja na kinyesi huongeza nyingine kinapooza. Bakteria wanaoishi katika sponji na juu ya changarawe huibadilisha amonia kuwa nitriti, na wengine huibadilisha nitriti kuwa nitrati. Kazi hiyo ndiyo inayowaweka samaki hai, lakini ina gharama. Kugeuza gramu moja ya naitrojeni iliyomo katika amonia kuwa nitrati hula takriban gramu 7 za kinga ya maji, tukiihesabu kama kalsiamu kaboneti. Kwa hiyo nitrati yako ya zaidi ya miligramu 100 na KH yako ya digrii 1 ni habari moja iliyoandikwa mara mbili: bakteria wamefanya kazi kwa muda mrefu, zao lao limerundikana, na kilichokuwa kikiwalipia kimeisha. Gogo huongeza asidi kidogo, lakini katika tangi lako mchango wake ni mdogo mno kuwa ndio chanzo.

Sasa nifike kwenye usiku ule samaki walipokufa, kwa maana hili ndilo ambalo ningependa kila mfugaji alielewe kabla ya kugusa ndoo. Bakteria hawa hufanya kazi vizuri katika maji yenye pH ya 7 na zaidi. pH inapokaribia 6 kazi yao hupungua sana, hata ikakaribia kusimama, na amonia huanza kujikusanya. Samaki wako waliishi na amonia hiyo kwa sababu amonia huwa na sura mbili ndani ya maji. Moja ni amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na kuunguza. Nyingine ni amoniamu, ambayo imebeba chaji ya umeme na haipenyi kwa urahisi. Kinachoamua ni kiasi gani kiwe katika sura ipi ni pH pamoja na joto. Katika maji ya nyuzijoto 25, pH ikiwa 6, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 0.1 ya amonia yote. pH ikiwa 7.5 hufikia karibu asilimia 1.8, na ikiwa 8 huzidi asilimia 5. Vifaa vya nyumbani hupima jumla ya sura zote mbili, kwa hiyo rangi uionayo katika kichupa inaweza kuwa ile ile huku hatari imeongezeka mara 30.

Ulipojaza maji mapya kwa wingi, ulipunguza jumla ya amonia kwa nusu hivi, lakini uliipandisha pH kwa saa chache kutoka 6 kuelekea 7.5, na sehemu ya amoniamu iliyokuwa imetulia ikageuka kuwa sumu. Kutweta juu ya maji na matamvua mekundu ndizo dalili zake. Juu ya hayo, samaki waliokuwa wamezoea maji mazito kwa madini walijikuta ghafla katika maji mepesi zaidi, na miili yao ikalazimika kurekebisha chumvi zake papo hapo. Maji mapya hayakuwa mabaya. Kasi ya badiliko ndiyo iliyoua.

Chupa ya kupandisha pH imekuwa ikifanya jambo hilo hilo kila jioni kwa kipimo kidogo, na ninakuomba uiache leo. Ninalisema hili kwa uzito: sioni kazi ya chupa hizo katika kabati la mfugaji wa kawaida. Huisogeza namba bila kuweka akiba ya kutosha chini yake, kwa hiyo namba hurudi, na samaki hupandishwa na kushushwa badala ya kuachwa watulie. Ikumbukwe kwamba ngazi za pH si za kujumlisha: kutoka 6 hadi 7 asidi hupungua mara 10, na kutoka 6 hadi 8 mara 100. Gapi na moli waliozaliwa katika matangi wanaweza kuishi vizuri katika pH ya 7.2 au ya 8.0, lakini hawawezi kuhamishwa kila jioni kutoka moja hadi nyingine.

Kwa siku hizi za mwanzo, punguza chakula hadi kiasi kidogo kinacholiwa chote kwa dakika moja au mbili, tena kila baada ya siku moja. Samaki wenye afya hawatadhurika, na amonia inayoingia itapungua. Ongeza hewa kama pampu yako inaruhusu, kwa sababu samaki walioumia matamvua huhitaji oksijeni zaidi, na bakteria nao huitumia. Kisha anza kubadilisha maji kidogo kidogo: lita 10 hadi 12 kwa siku, yaani sehemu moja ya kumi ya tangi, ukiyamimina polepole na yakiwa na joto linalolingana na la tangi. Kila badiliko dogo hupunguza amonia na nitrati kidogo, hushusha GH kidogo na kuongeza KH kidogo, na samaki hupata muda wa kufuata. Pima amonia na pH kila siku kabla ya kubadilisha. Ukiona pH inapita 7 na amonia bado iko juu ya miligramu 0.5, usisukume mbele. Tia dawa ya maji ya aina inayofunga amonia pamoja na klorini, na uwape bakteria siku kadhaa waimalize. Fahamu kwamba baada ya dawa hiyo vifaa vingi vitaendelea kuonyesha amonia, kwa kuwa hupima pia ile iliyofungwa. Kadiri pH inavyopanda juu ya 6.5 bakteria watarudi kazini wenyewe, maana wengi wao hawajafa bali wamezorota tu. Katika kipindi hicho nitriti inaweza kujitokeza kwa muda, kwa hiyo iangalie nayo.

Kuhusu klorini, liko jambo dogo ambalo hupuuzwa. Kuyaacha maji wazi usiku kucha huondoa klorini, lakini baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa njia hiyo, na inapovunjwa na dawa huacha amonia nyuma yake. Tumia dawa kila mara, hata kama badiliko ni dogo.

Wakati huohuo kuna kipimo kimoja ambacho barua yako haikukitaja, nacho ndicho kitakachoamua njia yako ya mbele: KH ya maji ya bomba yenyewe. Chukua mililita 5 za maji hayo katika kichupa cha kupimia, tia tone moja la dawa ya KH, funga, pindua juu chini mara kadhaa na utazame. Kwa vifaa vingi vya matone, maji hugeuka buluu. Endelea kwa tone moja moja, ukipindua kila mara, mpaka rangi ya buluu iruke ghafla na kuwa njano. Idadi ya matone ndiyo idadi ya digrii, ila usome karatasi ya kifaa chako kuhakikisha. Maji ya tangi lako ya sasa yatageuka njano kwa tone la kwanza au la pili. Pima pia pH ya maji ya bomba mara mbili, mara yanapotoka na tena baada ya kukaa saa 24 katika ndoo yenye mpira wa pampu ya hewa, kwa sababu maji ya bombani mara nyingi hubeba hewa ukaa inayoshusha pH kwa muda. Namba ya pili ndiyo ya kuamini.

Ikiwa maji ya bomba yana KH ya digrii 4 au zaidi, huhitaji kununua kitu. Maji hayo yenyewe ndiyo dawa, na mabadiliko ya mara kwa mara yatarudisha akiba na kuitunza. Ikiwa ni digrii 1 au 2 tu, itabidi uongeze bikaboneti kwa mkono. Sodiamu bikaboneti tupu, ile ya kuumulia keki, inatosha. Si beking pauda, ambayo imechanganywa na asidi, wala si magadi, ambayo hupandisha pH kwa ukali. Gramu 3 huongeza takriban digrii 1 ya KH katika lita 100, kwa hiyo tangi lako linahitaji gramu 3.6 kwa kila digrii, au pungufu kidogo ukitoa nafasi iliyochukuliwa na changarawe. Pima kwa mizani ndogo, kwa sababu kijiko kilichojaa hadi juu na kijiko kilichosawazishwa havilingani. Iyeyushe kwanza katika maji ya kubadilishia, usiitupe ndani ya tangi, na usizidi digrii 1 kwa siku. Nisisitize: usianze hatua hii mpaka amonia iwe imeshuka chini ya miligramu 0.5, kwa kuwa bikaboneti nayo hupandisha pH, na pH ikipanda amonia huamka. Lengo lako kwa moli na gapi liwe KH kati ya 5 na 8. pH itakayotokana na hapo, iwe 7.6 au 8, ndiyo pH ya tangi lako, na usiibishie.

Njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa mfugaji asiyetaka kupima gramu kila juma ni kuweka matumbawe yaliyosagwa, au makombe yaliyosafishwa vizuri, ndani ya mfuko wa wavu mahali maji yanapopita. Kiganja kimoja hadi viwili vinatosha kuanzia. Kalsiamu kaboneti iliyomo humo huyeyuka kwa kasi maji yanapoelekea kwenye asidi na hupunguza kuyeyuka yanapofika juu ya 7.5, kwa hiyo hujipima yenyewe kwa kiasi fulani. Ubaya wake ni kwamba ni ya polepole na huongeza pia GH, kwa hiyo haitakuokoa katika hali uliyonayo sasa. Iweke baadaye, GH itakapokuwa imeshuka.

Sponji ya chujio ikikusanya uchafu, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba, na isiwe siku ileile unaposafisha changarawe. Klorini ya bomba inaweza kuwaua bakteria unaowahitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Amonia na nitriti zikifika sifuri na nitrati ikiwa chini ya miligramu 40, utaratibu wako uwe kubadilisha robo ya maji kila wiki, hata kama yanang'aa kiasi gani. Amonia haina rangi, nitrati haina rangi, na asidi nayo haina. Kujazia maji yaliyokauka kuendelee, lakini kusihesabiwe kuwa ni kubadilisha, kwa sababu hakutoi chochote nje ya tangi. Katika kipimo cha nitrati, tikisa kwa nguvu chupa ya pili ya dawa kwa nusu dakika kabla ya kudondosha, kwani kemikali yake hutuama chini na bila kutikiswa hutoa namba ndogo ya uongo. Pima KH kila wiki na pH kwa saa ileile ya siku. Kama utapanda mimea, pH ya alfajiri itakuwa chini kuliko ya jioni, kwa kuwa mchana mimea hula hewa ukaa na usiku tangi zima huitoa. Badiliko hilo ni la kawaida na halihitaji kutibiwa. KH ikianza kushuka wiki hadi wiki licha ya kubadilisha maji, maana yake samaki ni wengi au chakula ni kingi kuliko maji unayoyaleta, na utaliona hilo majuma kadhaa kabla pH haijaonyesha lolote.

Ama samaki wapya, bado. Moli waliobaki watakuonyesha hali kwa mapezi yao. Wakiyafungua na kuacha kujitikisa, maji yanaelekea kuwafaa. Hata hivyo subiri mpaka amonia na nitriti zikae sifuri na KH isimame mahali pamoja kwa mwezi mzima. Kisha ongeza samaki wawili au watatu, si zaidi, uwazoeshe kwa kuwachanganyia maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda wa saa moja, na upime amonia kila siku katika wiki ya kwanza. Ikibaki sifuri, unaweza kuongeza wengine baada ya wiki mbili au tatu.